Kilo 62 kwenye Laser ya tanga kubwa, kaskazi ya mchana: tatizo ni uzito au kuna kingine?

Mlingoti_Msasani

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoshindana kwa vyombo vidogo vya tanga hapa Dar.

Chombo ni Laser, kidogo cha mtu mmoja, tanga kubwa la mita za mraba 7.06. Uzito wangu ni kilo 62, urefu sentimita 178. Resi zetu ziko Ghuba ya Msasani na nyingi zinaanza saa nane mchana. Asubuhi upepo ukiwa mwanana sina shida na mtu. Mchana kaskazi ikifika noti 14 hivi (kama kilomita 26 kwa saa), kwenye kipande cha bisho (kwenda kuelekea upepo unakotoka) wenye kilo 80 wananiacha waziwazi. Tukizunguka boya na kurudi na upepo wa nyuma nawasogelea tena, lakini pengo huwa limeshakuwa kubwa.

Maswali:
1. Niongeze kilo? Ngapi?
2. Nishuke kwenye tanga la 5.76?
3. Wapo wanaosema nivae fulana nzito zilizoloa. Inaruhusiwa?
4. Wa ngalawa mnapangaje watu upepo ukikaza?

BishoKali

Mkuu, tufanye hesabu kwanza kabla hujagusa sahani ya ugali.

Nguvu ya upepo kwenye tanga haikui sawa na kasi, inakua kwa mraba wake. Kutoka noti 8 kwenda noti 16 kasi imekuwa mara mbili, lakini msukumo umekuwa mara nne. Ndiyo maana mabadiliko ya noti mbili tu pale juu yanakutesa, wakati pale chini huyasikii.

Laser haina mkuku mzito chini yake. Kinachoizuia isilale ni mwili wako, na mwili huo unahesabika kwa kilo mara umbali wake kutoka katikati ya chombo. Mtu wa kilo 80 aliyejitupa nje vizuri, kitovu cha uzito wake kinafika kama mita 1.2 kutoka mstari wa kati. 80 × 1.2 = 96. Wewe ukijitupa vilevile: 62 × 1.2 = 74.4. Una asilimia 77 au 78 ya nguvu yake ya kuzuia. Ukitafuta kipeo cha pili cha hiyo 0.775 unapata 0.88. Maana yake, ikiwa yeye anaanza kuumwaga upepo (kuuachia utoke tangani) kwenye noti 14, wewe unaanza kuumwaga kwenye noti 12.3.

Kwa hiyo chini ya noti 12 nyote wawili mnalishika tanga zima na hakuna anayekuzidi. Kuanzia 12.3 kwenda juu ndipo unapoachwa, na upepo wa mchana wa Desemba hadi Machi unapenda kukaa hapohapo.

Upande wa pili wa hesabu: ganda la Laser ni kilo 59, ukiweka mlingoti, tanga, usukani na ubao wa kati (unaoshushwa majini) inakaribia 80. Wewe na chombo ni kama kilo 142, yeye ni 160. Amekuzidi asilimia 13 hivi ya mzigo wa kusukuma. Upepo wa nyuma hauhitaji mtu kujitupa nje, kwa hiyo zile kilo 18 kwake ni mzigo mtupu. Hapo ndipo unapomsogelea, kama ulivyoona mwenyewe.

Sasa kabla ya kuongeza kilo, punguza nguvu ya tanga. Kwa mtu mwepesi, upepo ukipita noti 12, utaratibu ni huu:

Anza na kamba inayovuta ukingo wa mbele wa tanga kwenda chini. Ivute kwa nguvu kweli, mpaka lile tundu la tanga likaribie boriti (mti wa chini ya tanga) au liguse. Mikunjo pale mbele isikutishe. Unachofanya ni kusogeza tumbo la tanga mbele na kuufungua ukingo wa juu ili upepo utoroke huko juu, ambako ndiko unakolaza chombo zaidi.

Halafu vengi, kamba inayoizuia boriti isipande. Vuta demani (kamba kuu ya tanga) mpaka kapi mbili za nyuma zikutane, kisha ondoa ulegevu wote wa vengi. Hiyo ni alama ya kuanzia tu. Ukitaka zaidi, mlingoti upinde, ivute sentimita nyingine 5 hadi 10. Sasa ukilegeza demani kwenye pigo la upepo, boriti inatoka pembeni bila kupanda juu. Bila vengi kali boriti inapanda, tanga linajaa tumbo, na chombo kinalala zaidi wakati ule ule unapojaribu kukinyoosha. Kosa hili liko kwa wengi wepesi: wanaogopa vengi kwa sababu inashusha boriti na kugeuka kunakuwa kugumu. Dawa ni kuilegeza kidogo kabla ya kugeuza, kuinama mpaka kidevu karibu kiguse goti, halafu kuikaza tena ukishashika kasi.

Pembe ya nyuma ya tanga: acha nafasi ya kama sentimita 5 hadi 8 kati ya tanga na boriti. Usilibane kabisa ukiwa na mawimbi, maana unahitaji nguvu kidogo ya kuyapanda.

Ubao wa kati upandishe sentimita 5 hadi 10. Chombo kitateleza kidogo upande wa demani (upepo unakoelekea), lakini hakitalala sana na usukani utakuwa mwepesi. Wenye kilo 80 hawana haja ya hili.

Mwisho, demani yenyewe. Pigo likija legeza sentimita 15 hadi 30 KABLA chombo hakijalala, kisha vuta tena. Ukisubiri kilale nyuzi 15 usukani unageuka breki, na ukishapoteza mwendo ubao wa kati haushiki tena maji.

Tezi_na_Omo

Hesabu ya BishoKali ni sahihi, ila itazame ile 1.2. Hiyo ni ya mtu anayejitupa nje kweli. Mtu wa kilo 80 aliyekaa wima pembeni, matako juu ya ukingo, kitovu chake kiko kama mita 0.9. 80 × 0.9 = 72. Wewe wa kilo 62 uliyenyooka umemzidi! Kilo 18 zimekwisha hapo, na hujala chochote.

Kwa hiyo swali la kwanza kwangu ni mkanda wa miguu, ule unaokushika ukijitupa nje. Vijana wengi wanauacha umebana kwa ajili ya upepo wa nyuma na hawaulegezi kwenye bisho. Uurekebishe hivi: chombo kikiwa kimelala mchangani, keti ukingoni, ingiza miguu, jirushe nje. Ukingo wa chombo ukae katikati ya paja, siyo nyuma ya goti na siyo chini ya matako. Ukiwa nyuma ya goti utachoka dakika mbili. Ukiwa chini ya matako hujatoka. Weka alama ya rangi kwenye kamba ya mkanda, moja ya bisho na moja ya upepo wa nyuma, ubadilishe ukiwa unakaribia boya.

Vidole vya miguu vielekee juu, magoti yakaribie kunyooka, kifua mbele kidogo. Kujirusha mgongo nyuma kila pigo la upepo kunaonekana kwa macho lakini hakudumu. Bora utoke asilimia 80 na udumu kipande kizima kuliko asilimia 100 kwa sekunde 30 halafu uketi. Mazoezi ya nchi kavu: benchi, mkanda, dakika tatu kutoka, dakika moja kupumzika, rudia mara nne. Paja likiungua ni sawa, goti likiuma acha.

Kocha_Optimisti

Habari zenu nyote. Nijibu la tanga na la fulana.

Uzuri wa Laser ni kwamba ganda ni lile lile, unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Siku hizi inaitwa ILCA, jina lilibadilika 2019. ILCA 7 ina mita za mraba 7.06, ILCA 6 ina 5.76, ILCA 4 ina 4.7. Kwa uzoefu wa mashindano, ILCA 7 inamfaa mtu wa kilo 80 hadi 85. ILCA 6 inaanzia kilo 60 hadi 70 na kidogo. Mdogo wangu, kilo 62 ni ILCA 6 bila ubishi. Ile kubwa iliingia Olimpiki 1996 kwa wanaume, na ya 5.76 ikaingia 2008 kwa wanawake kwa sababu hiyo hiyo ya uzito: ganda moja, miili tofauti.

Lakini usibadilishe kabla hujajua unashindana na nani. Kama kundi lenu wote wana 7.06 na mnahesabu anayefika kwanza, tanga dogo litakuangusha asubuhi na kukusaidia mchana. Hesabu resi zenu: ngapi ziko chini ya noti 12, ngapi juu? Kama nyingi ni za mchana wa kaskazi au kusi kali, shuka. Kama mnatumia hesabu ya kusawazisha muda kati ya matanga, shuka leo.

Kuhusu fulana zilizoloa: hapana. Kanuni ya 50 ya mashindano ya matanga inakataza kuvaa au kubeba kitu kwa lengo la kuongeza uzito. Nguo na vifaa kwa pamoja kikomo chake ni kilo 8, na chama cha aina ya chombo kinaweza kupunguza au kupandisha mpaka 10. Vinapimwa vikiwa vimeloa chepechepe, vinatundikwa vichuruzike dakika moja, ndipo mizani. Kwa hiyo ujanja wa sweta la pamba unakamatwa. Na hata pasipo kanuni, ukianguka majini na kilo za ziada mwilini unajitafutia msiba. Usifanye, tafadhali.

Kuongeza mwili: ukitaka kutoka 62 kwenda 66 iwe misuli, kwa miezi, siyo wiki. Na hili nalisema kwa wazazi wanaosoma: mtoto wa Optimist (chombo kidogo cha tanga cha watoto) asipunguzwe chakula ili awe mwepesi, wala asishindiliwe ili awe mzito. Optimist ina urefu wa mita 2.3 na ganda la kilo 35, kwa hiyo mtoto akikaribia kilo 50 na kitu chombo kinamwonyesha chenyewe: tezi (nyuma ya chombo) linazama na maji yanavutwa nyuma. Anahamia ILCA 4, basi. Mtoto anakua, tanga linabadilishwa. Aliye na kilo 28 kwenye kaskazi kali adui yake mkubwa ni maji ndani ya chombo. Lita 20 ni zaidi ya kilo 20, na zinakimbilia upande wa demani, yaani upande mbaya. Afundishwe kukumba maji kwa mkono mmoja huku anashika usukani kwa mwingine, na upo (kifaa cha kukumbia maji) ufungwe kwa kamba ili usielee ukaenda zake.

Nahodha_Kunduchi

Vijana wangu, la ngalawa nijibu mimi.

Ngalawa haihitaji watu wajitupe nje kwa sababu ya kupinduka tu. Ina matengo (miti ya pembeni yenye mbao za kuelea) pande zote mbili, yanashika. Shida ni mwendo. Upepo ukikaza, mbao inayoelea upande wa demani inasukumwa chini ya maji. Ikizama yote inavuta kama nanga, na inavuta upande mmoja, kwa hiyo omo (mbele ya chombo) inageukia huko. Mshika usukani anarudisha kwa shikio, na shikio likikaa limepinda ni breki ya pili. Ngalawa ya watu hodari inaachwa kwa breki hizi mbili, watu wanasingizia tanga.

Tazama ile mbao. Ikigusa maji juujuu, inapiga na kuachia, watu wamekaa sawa. Ikizama mpaka huioni, mtu mmoja atoke kwenye tengo la joshi (upande upepo unakotoka). Kilo 65 zikitoka mita moja na nusu ni kazi kubwa kuliko mtu wa nne kuketi katikati. Ikiwa ya joshi ndiyo imeanza kugusa, mmezidisha, mmoja arudi ndani.

Atoke mmoja mmoja. Wakirukia wawili kwa pamoja na upepo ukakata ghafla, chombo kinawaangukia upande wa joshi, tanga linapigwa kinyume, na foromali (mti unaobeba tanga) inashuka na kishindo. Akitoka akanyage karibu na ilipofungwa kamba, siyo ncha ya tengo. Kabla ya resi kagueni kila kifungo kwa mkono: kamba ikizunguka ukiisukuma kwa kidole gumba imelegea, ifungwe upya, iloweshwe, ikazwe tena. Wimbi moja na mtu mzima juu ya tengo linakata kamba iliyooza.

Wakati wa kupitisha foromali mbele ya mlingoti, yule anayeibeba yuko omo, kwa hiyo wengine warudi tezi. Wakibaki mbele wote, omo inachota maji.

Farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya viroba vya mchanga: ulizeni masharti ya shindano kwanza. Resi zetu za asili kila mahali zina taratibu zake. Zinazofuata kanuni za kimataifa hamruhusiwi kuhamisha uzito usio wa mtu kutoka upande mmoja hadi mwingine, hiyo ni kanuni ya 51. Popote mnaporuhusiwa, kiroba kisifungwe kwa fundo la kudumu. Chombo kikijaa maji kiroba kitoke mara moja.

Mlingoti_Msasani

Shikamoo mzee Nahodha, nashukuru sana. Asante kocha, asanteni wote. Nimeelewa la mkanda na vengi, na tanga la 5.76 nitalitafuta.

Swali moja limebaki. Kaskazi ikivuma na maji yanapwa, mawimbi yanakuwa mafupi na wima, na hapo hata upepo usiopita noti 10 chombo changu kinasimama. Wazito wanapita tu. Hiyo nayo ni uzito?

BishoKali

Sehemu tu. Maji yanatoka ghubani, upepo unaingia, wimbi linasimama. Chombo kizito kina msukumo wa kukipitisha kwenye wimbi moja mpaka la pili, chepesi kinasimamishwa na kila moja. Lakini kwenye hali hii nafasi unayoketi, mbele au nyuma, inaamua zaidi kuliko kilo.

Tazama jambo hili: zile kilo 18 unazozidiwa zinaizamisha Laser milimita 6 hivi tu. Wewe mwenyewe ukisogea nyuma sentimita 30 unaizamisha tezi na kuinyanyua omo zaidi ya hapo. Maji laini, upepo mwanana: keti mbele kabisa, paja liguse ukingo wa mbele wa shimo la kuketia, uache chombo kilale kidogo upande wa demani ili tanga lishike umbo kwa uzito wake. Sikiliza nyuma: maji yakigugumia kwenye tezi, bado uko nyuma mno. Mawimbi mafupi: rudi nyuma sentimita 10 hadi 15, siyo zaidi, omo ipande bila kugonga. Wimbi likija kifua kirudi nyuma, omo ikipita kileleni kifua kirudi mbele. Mwili utulie kiuno kwenda chini. Kuutikisa mwili ili kusukuma chombo ni kosa chini ya kanuni ya 42, waamuzi wataona.

Na usielekeze chombo karibu sana na upepo kwenye mawimbi hayo. Legeza demani ngumi moja, ongeza tumbo la tanga kwa kulegeza pembe ya nyuma mpaka upana wa kiganja, ushuke nyuzi 3 hadi 5, upate mwendo. Mtu mwepesi anashinda mawimbi kwa mwendo.

Upepo wa nyuma angalia vengi. Ukiilegeza kupita kiasi kwenye kaskazi kali, juu ya tanga panafunguka kupita mlingoti na chombo kinaanza kuyumba kushoto kulia mpaka kinakulaza upande wa joshi. Kikianza kuyumba, vuta demani mita moja upesi na ushushe ubao wa kati.

Tezi_na_Omo

Niongeze moja: pima chombo kabla hujajipima wewe. Laser kuukuu inanywa maji na ganda linazidi zile kilo 59 bila mtu kujua. Tumia mizani ya kuning'iniza ya magunia. Ondoa mlingoti, usukani na ubao, kausha ndani, fungua kizibo cha tezi uache usiku mzima chombo kikiwa kimeinuliwa omo. Kesho yake pitisha kamba omo, tezi ikae juu ya kipande cha mbao chembamba, soma mizani. Kisha tundika tezi palepale ilipokalia mbao, na omo ikalie mbao palepale ilipotundikwa. Jumlisha namba mbili, huo ndio uzito wa ganda.

Ukikuta 63 au zaidi, tafuta maji yanapoingilia. Jaza povu la sabuni kwenye ungio la sakafu na ganda, kwenye shimo la mlingoti na kwenye skrubu za mkanda wa miguu, kisha puliza hewa taratibu kwa mdomo kupitia tundu la kizibo. Usitumie pampu ya gari, ungio litafunguka. Mapovu yanapokua ndipo penye tundu. Shimo la mlingoti likivuja usiingie majini mpaka lizibwe, maana linapasuka lote kwenye upepo mkali na mlingoti unang'oka na kipande cha sakafu.

Mlingoti_Msasani

Mizani ya magunia ipo kwa jirani anayeuza mkaa. Jumamosi napima, nitaleta namba zote mbili hapa.